Sahihi Mbili za Utupu

Kabati lilipiga kelele, na ndani yake hamkuwa na mtu.

Ndivyo mambo yalivyoanza. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, jua limeshapanda, taa zote zinawaka, na watu wazima wanne wenye akili zao wamesimama wanatazama. Hapakuwa na giza wala bundi. Palikuwa ndani ya jengo jipya la abiria uwanja wa ndege, sakafu inang'aa hata ukiinama unaona meno yako, madirisha bado yana vumbi la mafundi.

Kabati lilikuwa jina la utani tu. Ilikuwa mashine mpya ya kukagua mwili, chumba kidogo cha kioo. Abiria anaingia, anakanyaga nyayo mbili zilizochorwa sakafuni, anainua mikono, na mashine inampiga picha bila mtu kumgusa. Akiwa hana kitu, skrini inakuwa kijani. Akiwa nacho, skrini inachora mtu mfano wa mwanasesere na kuweka kisanduku cha njano pale penye kitu. Hapo mkaguzi anavaa glavu na kumpapasa abiria mahali hapo kwa mikono yake miwili. Hiyo ndiyo kanuni, mikono miwili, hata kama kisanduku ni kidogo kama kucha.

Mkaguzi wa kike wa zamu ile walimwita Jicho. Miaka tisa alikaa kwenye jengo la zamani akitazama mizigo ya watu kwenye kioo, na hakuwahi kupitwa na kitu. Aliwahi kuona kisu ndani ya mkate. Wenzake walimtania kwamba jicho lile likikaza lingeona hata dhambi, naye alicheka, lakini moyoni alijisikia vizuri.

Sasa, mashine kama ile kabla ya kuanza kazi lazima ifundishwe utupu. Inapigishwa picha ikiwa haina mtu ndani, ijue hewa tupu inafananaje, ili baadaye itambue kisicho hewa. Kisha watu wawili wanatia sahihi kwenye fomu kwamba wakati wa kufundishwa ndani hamkuwa na kitu. Wa kwanza fundi, wa pili mkaguzi aliye shahidi.

Fundi alibonyeza. Kabati likalia. Skrini ikamchora mwanasesere, na kisanduku cha njano hakikuwa mwilini mwake. Kilikuwa juu, nyuma ya bega lake la kulia, pale ambapo kingekuwa kichwa cha mtu mrefu sana aliyesimama mgongoni kwake.

"Vumbi," alisema Fundi. Akaingia, akafuta vioo kwa kitambaa, akatoka, akabonyeza tena.

Kabati likalia tena. Kisanduku kilikuwa kimeshuka kidogo, kimesogea, kama kichwa kilichoinama kuona nini kinaendelea.

"Fundi," alisema Jicho, "hilo si vumbi."

Harufu ilimfikia wakati huohuo. Ilikuwa harufu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa, ule wa chini sana, ambao haujaona jua. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na udongo popote, ni marumaru na vioo tu.

Msimamizi wao alikuwa pembeni na redio yake ya mkononi. Wafanyakazi walimwita Bwana Jumamosi, kwa sababu kwa miezi mitatu hakuwa na sentensi isiyokuwa na siku hiyo. "Jumamosi tunafungua," alisema. "Jumamosi! Mnataka niwaambie wakubwa kwamba mashine ya gharama yote hii imeshindwa na hewa?"

"Haraka haraka haina baraka, bosi," alisema mama mmoja wa usafi aliyekuwa anapiga deki karibu.

"Nawe mama, fagia."

Mama huyo walimwita Bi Fagio. Hakufagia. Alikuwa anakitazama kisanduku cha njano.

Fundi alimsogelea Jicho, akashusha sauti. "Dada, iko njia. Nikibonyeza hapa inakubali. Hicho inachokiona itakichukulia ndiyo utupu wenyewe. Kuanzia hapo kijani tupu."

"Na kama mna kitu kweli?"

"Kitu gani? Si unaona hamna kitu? Namba ya siri ya kiwanda inatumika mara moja tu. Nikishindwa leo, nyingine mpaka Jumatatu ijayo, na Bwana Jumamosi atatutafuna hai."

Jicho alilitazama Kabati. Macho yake yalimwambia hamna mtu, na mashine ilimwambia mna mtu. Kwa miaka tisa kazi yake yote ilikuwa kuiamini mashine pale macho yanapodanganywa. Lakini Bwana Jumamosi alikuwa amemnong'oneza wiki iliyopita kwamba nafasi ya mkuu wa zamu iko wazi, na mkuu wa zamu hafanyi kazi usiku, na mtu asiyefanya kazi usiku analala na mwanawe. Akachukua kalamu, akatia sahihi.

Kijani. Watu wakapiga makofi. Na chini ya makofi hayo Jicho alisikia kitu kama jiwe linaloangushwa mahali pa kina kirefu, halafu kimya, halafu, baadaye sana, sauti ya maji.

* * *

Jumanne Bi Fagio alimvuta kando. "Mwanangu, njoo uone."

Ndani ya Kabati mlikuwa na maji. Ni nyayo, miguu mitupu, mirefu, yenye vidole vilivyoachana. Zilitoka katikati zikaja mpaka kizingitini, kisha zikarudi. Zikaja tena, zikarudi. Mtu aliyekuwa mle alikuwa amejaribu kutoka mara nyingi sana.

"Kiyoyozi kinavuja," alisema Jicho.

"Kiyoyozi chenye vidole vitano?"

Jicho aliinama, akavihesabu.

Bi Fagio akaegemea mpini wa ufagio wake. "Mimi nimekulia hapa kabla hawajatuhamisha. Hapo penye Kabati palikuwa na shimo la maji. Mama yangu alikuwa anatibu watu wenye majini, na kila akipita hapo alipiga hodi. 'Hodi, jamani, tunapita!' Sisi watoto tunacheka mpaka tunaanguka. Wajenzi walipokuja, wakamwaga zege siku tatu mfululizo, na hakuna aliyepiga hodi." Akashusha sauti. "Leo nilileta chupa yake ya marashi, iliyosomewa dua, ya mwisho aliyoniachia. Nilitaka kuyanyunyiza hapa. Unajua iko wapi?"

Jicho alijua. Saa kumi na mbili alfajiri, kwenye mlango wa wafanyakazi, yeye mwenyewe aliishika ile chupa, akaipima kwa macho, akasema, "Mama, maji mengi hivi hayapiti, hata kwa mfanyakazi," akaitupa kwenye pipa la vitu vilivyokataliwa. Pipa lilikuwa limeshabebwa na gari la taka.

"Samahani, mama."

"Umefanya kazi yako," alisema Bi Fagio bila hasira. "Wewe unazuia vinavyoonekana."

* * *

Jumatano ilikuwa siku ya abiria wa majaribio. Familia za wafanyakazi ziliitwa zije zijifanye zinasafiri, zikapewa tiketi za uongo na masanduku yasiyo na kitu, ili mashine na watu wafanye mazoezi kabla ya abiria wenyewe kufika. Jicho alikuwa amemwahidi mwanawe siku hiyo kwa mwezi mzima. Angewezaje kumwambia asije? Angemwambia kwa sababu ya maji sakafuni?

Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka saba, na walimwita Kidoti kwa sababu ya doa jeusi shavuni. Alikuja na mama yake mdogo, amevaa viatu vya sikukuu, anaburuta sanduku lililomzidi.

"Mama, mimi nasafiri kwenda wapi?"

"Popote unapotaka."

Kidoti akafikiri. "Basi nakwenda kwa baba." Baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na alikuwa hajaonekana tangu mvua za mwanzo.

Asubuhi nzima Kabati lilikuwa kijani. Wazee, wanawake, vijana wa ofisini, wote kijani. Bwana Jumamosi alipita akisugua viganja. Zamu ya Kidoti ikafika. Akaingia, akakanyaga nyayo zilizochorwa, akainua mikono juu na kumkenulia mama yake pengo. Kijani.

"Haya, toka, mama. Umepita."

Kidoti alishusha mkono wa kushoto. Wa kulia ukabaki juu.

Alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ameinua uso, anatazama juu nyuma ya bega lake, anasikiliza kwa adabu, kama mtoto anayeelekezwa njia na mtu mzima asiyemjua. Kisha akaitikia kwa kichwa. Akatoka nje ya Kabati polepole, mkono wake wa kulia uko juu, vidole vimekunjwa kidogo, hatua zake ni ndefu kuliko kawaida yake, za kumfuata mtu mwenye miguu mirefu.

"Acha mchezo," alisema mama yake mdogo. "Shusha mkono."

Nyuma yao Kabati likalia. Hamkuwa na mtu ndani, na skrini ilionyesha kisanduku cha njano, juu, nyuma ya bega la kulia. Akaingia abiria mwingine, likalia. Akaingia wa tatu, likalia, kisanduku ni kilekile, pale pale.

"Imeharibika tena," alisema Fundi na kushika kichwa.

Bi Fagio alikuwa ameacha ufagio uanguke. Alimfikia Jicho, akamshika kiwiko, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mwanangu, haijaharibika. Mlipoifundisha utupu, yule mwenye nyayo alikuwemo. Kwa hiyo kwa mashine, yeye kuwemo ndiyo hamna kitu. Sasa inalia kwa sababu hayumo."

* * *

Jioni ile Kidoti alikula kwa mkono wa kushoto na kumwaga nusu ya chakula mapajani.

"Mbona unakulia kushoto?"

"Wa kulia umeshikwa."

"Umeshikwa na nani?"

"Na mrefu." Akasogea kidogo kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu. "Mama, usikae hapo."

Harufu ya udongo uliolowa ilikuwa imeshaingia ndani, jikoni, kwenye mapazia, kwenye maji ya kunywa. Jicho alizima redio ili asikilize vizuri, akajuta, maana ndani ya ule ukimya mlikuwa na tone, moja, halafu kimya kirefu, halafu jingine, na halikutoka bombani wala darini. Lilitoka kwa mwanawe.

Kulipopambazuka alimkuta Kidoti amelala chali, mkono wake wa kulia umesimama wima hewani, umenyooka, haulegei, na Jicho akasema moyoni ni ganzi tu, watoto hulala vibaya, akapiga magoti kando ya kitanda akaushika mkono ule ili aushushe, akauvuta na haukuja, akauvuta tena kwa nguvu zake zote na kitanda ndicho kilichosogea, na alipopandisha kiganja chake kutoka kwenye kifundo cha mtoto mpaka vidoleni, alivihesabu vidole vya mwanawe vitano, vidogo, vya baridi, na juu yake akagusa vingine, virefu, laini, vilivyolowa, vimezunguka mkono wa mtoto mara moja na nusu.

Alitambaa kinyumenyume mpaka mlangoni, akakaa hapo akimtazama mtoto wake midomo inavyogeuka rangi ya majivu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kulipokucha vizuri alimtuma mdogo wake akamlete Bi Fagio, mbio, hata kama amevaa kanga ya kulalia.

Bi Fagio alifika, akasimama kizingitini, akapiga hodi. Hakuipigia nyumba hodi ile, alimpigia yule aliye ndani. Kisha akaketi sakafuni mbele ya kitanda.

"Hodi, mwenyewe. Tumekuja kwa adabu."

Midomo ya Kidoti ilifunguka. Sauti ilikuwa yake, ila ilitoka mbali, na ilikuwa na mwangwi. "Wao hawakupiga hodi."

"Kweli hawakupiga. Tunaomba radhi. Rudi kwako, mwachie mtoto."

"Kwangu wapi?"

Bi Fagio alifunga macho. Jicho alimwona akizeeka palepale. "Ndicho nilichokuwa naogopa," alinong'ona. "Jini anafukuzwa arudi kwake, mwanangu. Mama yangu hakuwa na dawa nyingine, na mimi hata chupa yake sina. Huyu kwake mmempigia zege."

"Mwulize anataka nini kwa mwanangu!"

Ikajibu sauti yenyewe, polepole, kwa kinywa cha mtoto ambacho hakikuwa kinapumua vizuri. "Simtaki mtoto. Nataka kwenda. Naona watu wote hapo wanakwenda. Mimi siwezi kuvuka mlango bila kushikwa mkono, na huyu alikuwa mkono wa kwanza ulio mwepesi. Wewe ndiye uliyeandika kwamba mimi si kitu. Kisicho kitu hakizuiwi."

"Lakini huyu hasafiri!" Jicho alipiga magoti, machozi yanamtoka. "Tiketi yake ni ya uongo! Ni mchezo, tulikuwa tunacheza! Atakupeleka shuleni na dukani, basi! Mimi ndiye ninayekaa mlangoni pa ndege. Kila anayeondoka anapita mikononi mwangu. Mwachie. Nishike mimi. Nishike mimi, nami nitakupitisha."

"Mwanangu, usiahidi," alisema Bi Fagio haraka. "Usi..."

Jicho alikuwa ameshanyoosha mkono wa kulia.

Mkono wa Kidoti ukaanguka kitandani. Akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akageukia ukutani na kulala usingizi wa kawaida wa mtoto mchovu. Na Jicho akahisi baridi ikipanda kutoka kwenye kucha zake, kidole kimoja kimoja, kwa utaratibu, kama mtu anayevaa glavu.

"Sasa nisikilize vizuri," alisema Bi Fagio alipoweza kusema. "Kwa mkono huo usimguse mtoto. Usimguse kabisa. Damu yake ameshaizoea, atamrudia bila hata kutaka."

"Mpaka lini?"

Bi Fagio alijitanda vizuri, akaondoka na viatu mkononi.

* * *

Alhamisi hiyo na Ijumaa nzima Jicho aliishi na mkono mmoja. Aliufunga kwa kitenge na kuuficha mgongoni. Maji aliyoyagusa yaliingia ukungu. Kidoti alikuwa mzima, anaruka, ana njaa, hakumbuki kitu, na hakuelewa kwa nini mama yake anamkimbia.

"Mama, nibebe."

"Mama anaumwa mkono."

"Nibebe kwa mwingine."

"Kaa huko, nimesema!"

Mtoto akalia, na Jicho akalia upande wa pili wa mlango, mkono ule umebanwa kati ya ukuta na mgongo wake, maana ulikuwa umeanza kujinyoosha wenyewe kuelekea kwenye kilio.

Jumamosi ikafika. Siku ya Bwana Jumamosi! Suti mpya, utepe mwekundu, wakubwa wanapigwa picha. Milango ikafunguliwa na abiria wa kweli wakaingia, mamia, na mizigo yao na haraka zao. Na Kabati, kwa kuwa lilifundishwa kumhesabu yule kuwa ndiye utupu, na sasa yule hayumo, likalia kwa kila mtu. Kisanduku cha njano, juu ya bega la kulia, kwa kila abiria.

"Nimewaambia namba mpya ni Jumatatu," alisema Fundi, jasho linamtiririka.

"Basi wapapaseni!" alifoka Bwana Jumamosi kwa sauti ya chini ili wakubwa wasisikie. "Kanuni si inasema hivyo? Likilia, papasa. Jicho, wanawake wote ni wako. Na huo mkono mbona mgongoni? Mikono miwili! Unataka tuandikiwe barua ya onyo?"

Jicho alivaa glavu za bluu. Ya kulia ilituna, kwani ndani yake mlikuwa na zaidi ya vidole vitano. Akaanza. Alimpapasa wa kwanza kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauzungusha hewani bila kugusa. Wa pili hivyohivyo. Wa kumi hivyohivyo. Mkono ulikuwa unavuta. Kila mwanamke aliyesimama mbele yake, ulimvuta kumwelekea, nao Jicho aliukaza mpaka bega likalia, na sauti ya tone la maji ikawa sikioni mwake, moja, kimya, jingine, na katikati ya matone ikamjia ile sauti ya mwangwi, bila hasira, kama mtu anayekumbusha tu: uliahidi. Baridi ilikuwa imeshavuka kiwiko, imeshafika begani, inatafuta njia ya kwenda kifuani, naye akaelewa kwamba ikifika moyoni hapatakuwa na mkono wa kulia wala wa kushoto, atakuwa mwili mzima wa kutomgusa mwanawe, leo na kesho na siku Kidoti atakapougua na siku atakapoolewa, atasimama upande wa pili wa mlango tu, akisema kaa huko.

Mbele yake alikuwa amesimama bibi mmoja mfupi, mwenye miwani, ananukia sabuni. Shingoni kitambulisho cha safari kilikuwa kinaning'inia kwa uzi wa kufumia. Alikuwa peke yake.

Huyu ameshaishi, Jicho alijiambia. Huyu ameona mengi. Mungu nisamehe, huyu ameshaishi.

Akaweka mikono yote miwili mabegani mwa yule bibi.

Ilipita upesi, kama maji yanavyotoka ndani ya chupa iliyoinamishwa. Glavu ya kulia ikanywea. Joto likamrudia vidoleni, kali, la kuwasha, hata akauma meno asilie kwa furaha.

"Loo, mkono wako ulikuwa baridi, mwanangu!" alisema bibi, akicheka. "Wanawatesa na haya mabaridi yao. Nimepita?"

"Umepita, bibi."

"Asante. Ndege ya kwanza maishani mwangu, usinione hivi. Binti yangu amejifungua, siku ya nane leo, na hana mtu wa kumsaidia. Nakwenda kumbeba mjukuu." Akainua mkono wake wa kulia kutaka kurekebisha miwani. Mkono ulipita miwani ukaendelea kwenda juu. Bibi akautazama kwa mshangao kidogo, kisha akainua uso, nyuma ya bega lake, akasikiliza.

Jicho alifungua kinywa. Redio ya mkononi ilikuwa kiunoni mwake, kitufe chekundu cha king'ora kilikuwa ukutani, hatua mbili. Katika miaka tisa alikuwa amesimamisha ndege kwa sababu ya mkasi.

Bibi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Akaanza kutembea kuelekea kwenye milango ya ndege, mkono uko juu, hatua zake ndefu kuliko miguu yake, na nyuma yake, juu ya marumaru mpya, nyayo za maji zilimfuata mpaka kwenye kona.

Bi Fagio alikuwa amesimama hapo na ufagio. Alizitazama nyayo. Kisha akamtazama Jicho, muda mrefu, akachovya tambara ndooni na kuanza kupiga deki.

"Jicho!" aliita Bwana Jumamosi. "Foleni!"

Jicho alivua glavu, akavaa nyingine. Mkono wake wa kulia ulikuwa na joto, mkono wa kumbebea mtoto. Kabati lilikuwa linalia.

"Anayefuata," alisema.